Jina Jema Likiharibika, Litarudije?

  

Leo twataka kuzungumza juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, wala hakiwekwi katika sanduku la benki, lakini kikipotea kila kitu kingine hupotea pamoja nacho. Kitu hicho ni imani ya watu.

Fikirini mkulima wa maziwa. Alfajiri na mapema anapeleka debe lake kwenye ushirika. Karani anapima, anaandika kilo katika kijitabu, na mkulima anarudi nyumbani mikono mitupu. Hakulipwa hata senti moja siku hiyo. Mbona haogopi? Kwa sababu anaamini kwamba mwisho wa mwezi atalipwa haki yake. Fikirini mzazi anayelipa karo, naye hajui jinsi ya kusoma hesabu za shule. Fikirini mjane anayetia noti yake katika bahasha ya ujenzi wa kanisa. Ushirika, shule, hospitali, chama cha akina mama, na kanisa lenyewe, vyote vinaishi kwa imani ya watu kama hao.

Kisha siku moja habari mbaya inatoka. Fedha hazionekani. Mgonjwa amepewa dawa isiyo yake. Mtoto ameumizwa mahali alipopaswa kulindwa. Je, viongozi hufanya nini? Mara nyingi mlango wa ofisi hufungwa, wazee huitwa upesi, na swali la kwanza linaloulizwa mezani ni hili: "Nani amesema?" Wanatafuta aliyetoa habari nje. Lakini ndugu zangu, liko swali lingine ambalo lilipasa kuulizwa kwanza, nalo ni hili: "Nani ameumia?"

Maswali haya mawili ni kama njia panda. Anayeanza na swali la kwanza anakwenda kulinda jina. Anayeanza na swali la pili anakwenda kulinda watu. Na ajabu ni kwamba yule anayelinda watu ndiye ambaye mara nyingi jina lake hupona.

Tutawaeleza kisa kimoja cha kweli, kilichotokea katika nchi ya Marekani, mwaka wa 1982, katika mji wa Chicago na vijiji vya kando yake. Kulikuwa na dawa ya maumivu iitwayo Tylenol. Ilikuwa dawa ya kawaida, ya kununua dukani bila cheti cha daktari, kama vile sisi tununuavyo vidonge vya kichwa. Iliaminiwa sana, hata ikashika zaidi ya theluthi moja ya soko la dawa za namna hiyo katika nchi ile.

Siku ya 29 Septemba mwaka ule, msichana wa miaka 12 aliamka akiwa na mafua. Akapewa kidonge cha dawa hiyo, naye akafa. Siku iyo hiyo mwanamume mmoja, kijana bado, alikunywa dawa hiyo akafa. Jamaa zake wakakusanyika nyumbani kwake kumlilia, kama sisi tunavyokusanyika matangani. Katika kilio kile ndugu yake na mke wa ndugu yake waliumwa na kichwa. Wakaiona chupa ile ile, wakanywa. Wote wawili wakafa. Kwa muda wa siku chache watu 7 walikuwa wamekufa.

Muuguzi mmoja aliyekwenda katika nyumba ile ya msiba aliichukua chupa, akahesabu vidonge, akaona idadi ya vile vilivyopungua inalingana na vifo. Akasema wazi kwamba taabu iko katika dawa. Dawa ilipopimwa ikaonekana kwamba kapsuli zimetiwa sumu kali ya sianidi. Mtu fulani alikuwa amezifungua chupa, akatia sumu, akazirudisha dukani. Polisi walipita barabarani na vipaza sauti wakiwaonya watu. Mtu aliyefanya uovu huo hajapatikana mpaka leo. Mmoja aliyeandika barua akidai dola milioni 1 ili mauaji yakome alifungwa kwa kosa la kudai fedha kwa vitisho, lakini hakuna aliyepata kushtakiwa kwa mauaji yenyewe.

Sasa watazameni wenye kampuni. Dawa hiyo ilitengenezwa na tawi la kampuni ya Johnson & Johnson, na mwenyekiti wake wakati ule alikuwa James Burke. Wangeweza kusema, "Sisi hatukutia sumu. Sumu imetiwa madukani, na ni Chicago tu. Jambo hili ni la polisi." Maneno hayo yangalikuwa kweli. Wataalamu wa matangazo nao walikuwa wakisema kwamba jina la Tylenol limekwisha kufa, wala halitauza tena.

Wao walifanyaje? Walisimamisha matangazo ya dawa yao. Wakapeleka maonyo kwa madaktari, kwa hospitali na kwa wauzaji. Wakafungua simu ambayo mtu yeyote aliweza kupiga bila malipo na kuuliza. Kisha tarehe 5 Oktoba wakaamua kuziondoa kapsuli zote madukani, siyo Chicago tu, bali nchi nzima. Zilikuwa kama chupa milioni 31, na thamani yake ilipita dola milioni 100. Chupa zilizoonekana kuwa na sumu zilikuwa chache sana, lakini hakuna mtu aliyeweza kuapa kwamba chupa iliyoko katika kabati la mama fulani ni salama. Kwa hiyo zote ziliondolewa. Na waliokuwa na kapsuli nyumbani wakaambiwa wazirudishe, wapewe vidonge vigumu badala yake, bila kulipa.

Wapenzi wasikilizaji, katika kisa hiki tunaona mambo manne.

Jambo la kwanza: walijua ni nani anayetangulia kabla msiba haujaja. Tangu mwaka wa 1943 kampuni ile ilikuwa na maandishi yaliyotungwa na kiongozi wake Robert Wood Johnson. Maandishi hayo yaliweka mbele wagonjwa, madaktari, wauguzi na akina mama. Baada yao wafanyakazi. Kisha watu wa mahali kampuni ilipo. Na wenye hisa wakawekwa mwisho. Miaka michache kabla ya msiba huu, James Burke aliwakusanya wakuu wa kampuni akawauliza: je, tunayaamini maandishi haya? Kama hatuyaamini, tuyaondoe ukutani. Wakabishana, wakayashika upya. Basi siku ya giza ilipofika hawakuanza kutafuta taa; taa ilikuwa tayari mikononi.

Na sisi je? Katiba ya chama chetu iko ndani ya sanduku gani? Ni nani katika halmashauri aliyeisoma mwaka huu? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii haujengwi wakati nyumba inaanguka.

Jambo la pili: walisema kweli, hata ile iliyowaaibisha. Siku zile za kwanza waandishi wa habari waliuliza kama sianidi hutumika katika kiwanda cha dawa. Msemaji wa kampuni akajibu kwamba haitumiki. Baadaye wakagundua kwamba kiasi kidogo kilikuwako katika chumba cha kupimia dawa. Haikuwa imeingia katika dawa, lakini ilikuwako. Sasa wangefanya nini? Wangeweza kunyamaza na kuomba kwamba hakuna atakayejua. Badala yake walirudi kwa waandishi wale wale wakalisahihisha neno lao. Tunafikiri hapo ndipo mlango wa imani ulipofunguka. Watu hawatarajii kiongozi asiyekosea kamwe. Wanamtaka yule ambaye leo akisema jambo, na kesho akajua silo, atarudi kulisema mwenyewe kabla hajashikwa. Mficha maradhi kilio humwumbua.

Jambo la tatu: walikubali hasara. Neno la pole ambalo halimgharimu mtu chochote ni jepesi kama makapi. Tumesikia mara ngapi viongozi wakisema "tunasikitika", na siku ya pili wanazungumza juu ya posho ya kikao? Watu huangalia mkono kabla ya kusikia mdomo. Walipoona mali ya dola milioni 100 imewekwa kando kwa sababu ya usalama wa mama mmoja asiyejulikana, wakaanza kufikiri kwamba huenda watu hawa wanasema kweli.

Jambo la nne, nalo twawaomba mlisikilize sana: waliirudisha dawa katika chombo kipya. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Tylenol ilitangazwa tena, lakini sasa ilikuwa na mafungo matatu. Sanduku lilikuwa limegundishwa kwa gundi. Shingo ya chupa ilikuwa imevalishwa ukanda wa plastiki. Na chini ya kifuniko mdomo wa chupa ulikuwa umezibwa kwa karatasi ngumu ya foili. Mtu akikuta lolote kati ya hayo limefunguliwa, ajue asitumie.

Tafakarini maana yake, ndugu zangu. Chupa ile haikusema, "Tuaminini." Ilisema, "Tazama mwenyewe kabla hujafungua." Yako mambo mawili hapa, nayo yako mbali kama mashariki na magharibi. Kiongozi mmoja, watu wakimwuliza juu ya fedha, hukasirika na kusema: "Hamniamini? Mimi nimewatumikia miaka hii yote!" Kiongozi mwingine huleta daftari, huweka risiti mezani, huita wakaguzi, na kusema: "Karibuni, mhesabu." Ni yupi anayeomba kuaminiwa, na ni yupi anayeaminika?

Hata mtume Paulo alijua jambo hili. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 8, tunasoma juu ya mchango mkubwa uliokusanywa kwa ajili ya watakatifu maskini. Paulo angeweza kuubeba mwenyewe. Nani angemshuku mtume? Lakini alimtuma Tito, pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Alijali yaliyo mema mbele za Bwana, na pia mbele za wanadamu. Wako Wakristo wanaosema, "Mungu anajua moyo wangu, yatosha." Paulo hakuona kwamba yatosha. Mungu huuona moyo. Mjane aliyetoa noti yake hauoni. Yeye anahitaji kuona daftari.

Nalo Kanisa la kwanza kule Yerusalemu lilipatwa na msukosuko wa namna hii. Habari zake ziko katika Matendo ya Mitume, mlango wa 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Manung'uniko yakatokea, tena yalikuwa manung'uniko ya kabila na lugha, ambayo ni moto katika majani makavu. Mitume hawakuuliza ni nani aliyeanza kunung'unika. Hawakuwaita wachochezi. Waliita mkutano wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Na mkiyatazama majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, mtaona kwamba yote ni majina ya Kiyunani. Waliokuwa wakisahauliwa walikabidhiwa ghala. Hayo ndiyo mafungo yao, na baada ya hayo tunasoma kwamba neno la Mungu lilizidi kuenea.

Turudi Chicago tumalize. Dawa ile, ambayo sehemu yake ya soko ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10, katika muda wa kama mwaka mmoja ilikuwa imerudisha sehemu kubwa ya wanunuzi wake. Serikali ya Marekani ikaweka kanuni za kufunga kwa njia ya usalama dawa zinazonunuliwa bila cheti cha daktari, na mwaka wa 1983 ikatungwa sheria dhidi ya kuchafua bidhaa. Leo ukinunua chupa ya dawa ukakuta mdomo wake umezibwa, ujue kwamba kuzibwa huko kuna habari za makaburi saba nyuma yake.

Hata hivyo, tusifanye kisa hiki kuwa kizuri kuliko kilivyokuwa. Mwaka wa 1986 mwanamke mmoja katika jimbo la New York alikufa kwa kapsuli zenye sumu, na ndipo kampuni ilipoacha kabisa kuuza kapsuli za namna ile madukani. Jamaa za waliokufa Chicago walikwenda mahakamani, na mapatano yalifikiwa mwaka wa 1991 tu. Biashara ilirudi kwa mwaka mmoja. Msichana wa miaka 12 hakurudi. Kila tunapozungumza juu ya kurudisha jina jema la chama chochote, tukumbuke kwamba wako ambao hawana la kurudishiwa.

Tena kuna onyo. Kampuni iyo hiyo iliyosifiwa ulimwenguni kote ilikuja kulaumiwa juu ya kitu kingine, nacho ni poda ya watoto, ile ambayo mama wengi hata hapa kwetu wameitumia. Mwezi wa Desemba 1918 ulikwisha pita zamani. Tunasema juu ya Desemba 2018, wakati shirika la habari la Reuters lilipoandika kwamba kwa miaka mingi kampuni ilijua kuwa mara nyingine asbesto kidogo ilionekana katika unga wa talki uliotumika. Kampuni ilikana, ikashikilia kwamba poda yake ni salama. Maelfu ya watu wakaenda mahakamani. Mwaka wa 2020 kampuni iliacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada, na mwaka wa 2023 ikaacha ulimwenguni kote, ikatumia wanga wa mahindi.

Sisi hatukai katika kiti cha hakimu. Tunajifunza jambo moja tu: imani ya watu ni kama mana ya jangwani. Ya jana huwezi kuiweka akiba kwa leo. Sifa tuliyopata miaka iliyopita, kanisa lililojengwa na wazee wetu kwa jasho, jina la mwanzilishi lililoandikwa juu ya lango, vyote hivyo havitatutetea siku tutakapoulizwa, "Fedha za mwaka huu ziko wapi? Watoto wa mwaka huu wako salama?"

Na jambo la mwisho. Kule Chicago sumu ilitiwa na mtu wa nje. Itakuwaje basi ikiwa sumu imetoka ndani? Ikiwa fedha zimeliwa na mweka hazina wetu wenyewe, au mtoto ameumizwa na mwalimu wetu wenyewe? Hapo mafungo matatu hayatoshi. Hapo tunamhitaji Zakayo, ambaye habari zake ziko katika Luka, mlango wa 19. Zakayo hakuishia kusema kwamba amebadilika. Alisimama mbele za watu, akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na kurudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Toba yake ilikuwa na hesabu. Aliyeumia alijua atapata nini. Usimfiche mkosaji kwa kumhamisha kwenda parokia nyingine au tawi jingine, ukadhani umelinda jina la chama. Umeichukua chupa yenye sumu ukaiweka katika duka la jirani.

Basi, ninyi mlio wazee wa kanisa, wenyekiti wa ushirika, walimu wakuu, viongozi wa vikundi vya akina mama, twawaomba juma hili mwulizane maneno machache katika kikao chenu. Mwanachama wa kawaida akitaka kuona hesabu, anaweza kuziona bila kuitwa adui? Sanduku la fedha linafunguliwa na watu wangapi? Anayeumizwa kwetu anaweza kumwambia nani, na huyo aliyeambiwa atafanya nini? Yajibuni maswali hayo sasa, wakati wa amani. Na ikiwa msukosuko umekwisha kuwafikia, ikiwa hata leo asubuhi mmeitwa katika mkutano wa dharura, nendeni. Lakini atakayetangulia kusema na aseme hivi: "Kwanza tuambieni, nani ameumia?"

Tuombe. Ee Bwana, wewe uionaye mioyo na pia madaftari yetu, utupe ujasiri wa kufungua milango ambayo tungependa kuifunga. Wafariji waliopotewa kwa sababu ya uzembe na uovu wa watu. Wape viongozi wetu mikono safi, na ndimi zisizoogopa kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.